Kasi ya Bure na Kuku Mia Tatu

Trei mia moja na kumi na mbili za mayai. Hiyo ndiyo bei ya jambo lote hadi siku ninayoishia kusimulia, na nimeihesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa na matumaini kwamba nilikosea. Pesa taslimu zilizonitoka siziweki humo. Nasema mayai tu, mayai ambayo kuku wangu wangetaga na hawakutaga, kwa sababu kompyuta mpya iliyokuwa mezani kwangu ilikuwa na mbio kuliko programu ya zamani niliyotaka iendeshe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Migori. Nyuma ya nyumba tuliyopanga nilifuga kuku wa mayai mia tatu. Wakiwa na furaha walinipa trei saba kwa siku, na furaha ya kuku ni chakula, hana nyingine. Trei arobaini kwa wiki zilikwenda kwenye shule moja ya bweni upande wa Homa Bay. Zilizobaki nikawauzia wenye hoteli za stendi. Ile shule ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto wetu wawili. Hoteli zililipa chumvi na sabuni.

Mume wangu ni mwalimu, nami humwita Mwalimu hata nyumbani, maana hajawahi kuacha kufundisha kwa sababu tu amevuka kizingiti. Yeye huniita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kama wanavyoniita sokoni, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa.

Kompyuta ya kwanza niliinunua kwa afisa wa mifugo aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao, nje kidogo ya Homa Bay. Tulimwita Daktari, ingawa sikumbuki akimtibu mtu mwenye miguu chini ya minne, ukiacha kuku. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini ndani yake mlikuwa na programu ya kuchanganya chakula cha kuku. Haikuwa na picha wala mapambo. Skrini nyeusi, herufi nyeupe. Unaiambia bei ya mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, omena, wale dagaa wa ziwani, na chokaa, nayo inakuambia uchanganye kilo ngapi za kila kimoja ili kuku atage na wewe usifilisike. Nimefanya biashara na watu wengi wasioweza kukuambia hilo la pili.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini nisiandike kipimo kimoja ukutani nikakifuata mwaka mzima. Huyo hajawahi kununua omena. Omena hufuata mwezi. Huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazimdanganyi samaki, mashua hupumzika ufukweni, na gorogoro moja, bati la kupimia, ya omena inayofika Migori hupanda bei maradufu, tena ikiwa na mchanga wa kuongeza uzito. Mimi ni wa Karungu, mchanga ule naujua kwa rangi, lakini kuujua hakujawahi kunipunguzia bei. Kwa hiyo kila mwezi ulikuwa na siku zake za omena na siku zake za mashudu, na ni programu ile iliyojua kutuvusha kutoka upande huu hadi ule bila kuku kushtuka. Ukitoa omena hutoi nyama peke yake, unatoa na mifupa, na ganda la yai linatoka humo. Kipimo cha wakati huo nilikiandika kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Mwezi ukibadilika, nafuta, naandika kingine.

Kisha monita ya Daktari ikaanza kutetemeka, na watu wote wakawa wanasema kompyuta za zamani zitakufa zote mwaka elfu mbili ukiingia. Mwalimu alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikaifunga mashine ndani ya leso yangu ya kujifunga, nikaenda nayo Homa Bay kwa fundi mmoja aliyeuza kompyuta zilizotumika ng'ambo.

Alikuwa nazo mbili zimekaa kando kwa kando, rangi moja ya meno ya mvuta sigara.

"Ya kushoto ni pole kidogo, lakini ni ngumu," akasema. "Ya kulia ni moto. Elfu nne zaidi."

"Ya kulia kwa bei ya kushoto."

"Mama, hiyo haiwezekani. Hii ina mbio mara nne."

"Mbio za kwenda wapi? Mimi nafuga kuku."

"Basi si uchukue ya kushoto?"

"Ya kushoto ina mkwaruzo."

Nilikaa. Nikamwomba kiti, kisha nikamwomba maji ya kunywa. Wateja wawili waliingia, nikawaeleza ule mkwaruzo. Mchana ukiwa umeenda sana akachoka, akachukua mashine yangu kuukuu juu ya pesa, akanipa ya kulia kwa bei ya kushoto, na programu ya kuku akaninakilia kwenye disketi bila malipo. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeidai serikali ikamlipa.

Nyumbani tukaiunganisha. Nikaandika jina la programu, nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na kabla sijakaa vizuri ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza: kosa, namba yake, na maneno kwamba kuna mahali pamegawanywa kwa sifuri. Halafu ikanirudisha nilikotoka, kama askari wa geti.

Nikajaribu tena. Mstari ule ule.

Mwalimu akasogeza kiti. Yeye hufundisha hesabu, na tangu tuoane alikuwa anangoja kitu nyumbani kikosee kwa namna ya hesabu. "Kuna sifuri umeweka mahali," akasema.

"Sijaweka kitu. Haijanifungulia hata mlango."

"Basi uliiweka zamani."

Bei nilizowahi kuingiza zilikuwa zimehifadhiwa kwenye faili ndogo pembeni mwa programu. Mwalimu akaifungua, akatembeza kidole juu ya kioo, akakisimamisha kwenye pumba. Bei ya pumba: sifuri.

Ilikuwa kweli. Pumba nilizipata bure. Mwenye kinu cha posho alikuwa anazirundika mlangoni mpaka wateja wanazikanyaga, nikamwambia nitamsaidia kuziondoa, naye akanishukuru. Miaka miwili alinishukuru kila wiki.

"Ndiyo hiyo," Mwalimu akasema. "Hakuna anayegawanya kwa sifuri. Hata malaika hawezi."

"Ile ya Daktari iliweza miaka miwili."

"Ile ilikuwa mjinga. Hii inajua hesabu."

Tukaandika shilingi kumi kwa gunia. Mstari ule ule. Tukaandika ishirini, labda kumi ni dharau. Mstari ule ule. Mwalimu akaenda zake kinuni kusaga mahindi, na kwa kuwa hana siri ya jambo lolote lenye funzo ndani yake, akawaeleza foleni nzima.

Kesho yake mwenye kinu alikuwa amesimama mbele ya rundo la pumba, mikono nyuma.

"Nyar Karungu, nasikia kompyuta imesema pumba ni shilingi ishirini."

"Hiyo ni bei ya uongo. Tulikuwa tunajaribu."

"Uongo wa kompyuta? Mtu anadanganya, mashine itadanganya kwa nini? Haina tumbo."

"Ni mimi niliyeiandika hiyo ishirini."

"Afadhali. Basi bei umeweka wewe mwenyewe. Ya miaka miwili nitakusamehe."

Nikamshusha hadi kumi na tano. Ndiyo mara ya mwisho katika hadithi hii ambapo kitu kilishuka kwa kupenda kwangu.

Nilijaribu kila nililoshauriwa. Disketi niliipuliza, nikaifuta, nikaiombea. Programu niliihamishia ndani ya mashine yenyewe. Jirani aliyewahi kufanya kazi Kisumu akasema turudishe tarehe nyuma, ili programu ijione bado iko enzi zake. Tukairudisha, na ikakosea vile vile ikiwa kijana. Tukafungua kifuniko tukamtoa buibui aliyesafiri nayo kutoka ng'ambo. Kila jaribio lilitaka kuzima na kuwasha, na mara nyingine kampuni ya umeme ilituzimia yenyewe. Kila mara mstari ule. Sikujua Kiingereza kingi cha mashine, lakini sentensi ile ningeweza kuisimamia kanisani nikaikariri bila kuangalia chini.

Wakati huo mwezi ulikuwa unajaa, na omena sokoni ilikuwa imeshapanda.

Ukutani nilikuwa na kipimo kimoja tu, cha siku za giza, chenye omena nyingi. Mwalimu akaniuliza, kwa upole ambao uliniudhi kuliko kelele, "Si ununue tu omena kwa bei yake hizi wiki mbili?"

"Bei ya wizi?"

"Bei ya sasa."

"Mchanga nao niulipie bei ya sasa?"

Akarudi kusahihisha madaftari. Nikafanya nilivyoona: kila gorogoro ya omena niliyotoa, nikaweka gorogoro ya mashudu. Gorogoro kwa gorogoro, nani angenilaumu? Kuku walinilaumu. Trei saba zikawa sita, kisha tano. Yakaanza kutoka mayai yenye ganda kama la kitunguu; unaliinua moja, linabaki limeshika umbo la kidole chako. Zikawa nne. Zikawa tatu na mayai ya kuhesabu kwa vidole. Nilihesabu jioni, nikahesabu tena asubuhi, kana kwamba kuna kuku mwenye aibu angeongeza mawili gizani.

Jumatatu nilipeleka shuleni trei ishirini na mbili. Bwana stoo alizihesabu kwa kalamu, akazungusha kalamu ile ile hewani.

"Mama, mkataba ni arobaini."

"Kompyuta imeharibika."

Akachomeka kalamu sikioni. "Kwani kompyuta ndiyo hutaga?"

Nikamweleza habari za omena, mwezi, na sifuri. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama mtu anayetafutiwa ndugu zake waje wamchukue. Bwana stoo si mbaya. Alisema ana watoto mia nne wa kulisha, na kuna mfanyabiashara wa Kisii anayepita pale kila wiki kuuliza tu kama kuna nafasi. Alinipa Jumatatu mbili. Ya tatu, kama si arobaini, ataacha huyo wa Kisii ashushe.

Ijumaa nikaifunga mashine ndani ya leso ile ile nikarudi Homa Bay.

Fundi alifurahi kuniona, jambo ambalo lilinitia shaka. Akaweka disketi, akasoma ule mstari, akasema disketi imekufa. Akaniuzia mpya, akanakili. Mstari ule ule. Akasema ni virusi, akavisaka, mia tatu. Hakupata hata kimoja, na mia tatu hakurudisha, kwa kuwa, alisema, kutafuta ni kazi hata usipopata. Mstari ule ule.

"Mama, programu imezeeka," akasema mwishowe. "Nunua mpya."

"Mpya ya kuku inauzwa wapi?"

"Pengine Nairobi."

"Na ya omena wa Karungu?"

Akaanza kuitoa disketi. Nami nilikuwa nimeacha kumwangalia. Kwenye rafu nyuma yake nilikuwa nimeiona ile mashine ya kushoto, ile ya pole, na mkwaruzo wake.

"Weka disketi kwa hiyo," nikasema.

"Hiyo ni ndogo, haiwezi kitu."

"Weka."

Akaiwasha. Iliamka taratibu, ikikohoa. Akaandika jina la programu. Skrini ikawa nyeusi, na herufi nyeupe zikaja moja moja, na programu ikaniuliza bei ya mahindi, kwa adabu, kana kwamba tuliachana jana. Nikaketi mbele ya ile kibodi nikaingiza bei zote. Nilipofika kwenye pumba nikaweka sifuri. Ikaipokea. Ikanihesabia chakula chote, na kwenye pumba ikaniambia nichukue nyingi.

Tulitazama kioo wote wawili. Fundi akajikuna shingo.

"Sasa naona," akasema. "Hizi programu za zamani zikiamka zinapima kwanza mashine inaenda mbio kiasi gani. Yako ina mbio mpaka kipimo kinajaa kinamwagika. Hesabu inakataa. Hiyo habari ya sifuri ni maneno tu, ndiyo yaliyo karibu na mdomo wake."

"Kama kumimina debe kwenye gorogoro."

"Hapo hapo."

"Kwa hiyo ubovu wake ni mbio."

"Mama, mbio si ubovu. Wewe mwenyewe ulizikalia hapa kutwa."

Hilo nililiacha lipite. Nikamwambia, basi nipe hii ya pole, chukua ya mbio. Bila nyongeza, tumalize kama ndugu.

"Hii imelipiwa. Ni ya mwalimu mmoja wa Kisegi, anaichukua Jumapili."

"Mpe yangu. Mwambie amebahatika, ina mbio mara nne."

"Alikuja na programu zake za zamani akazijaribu kwa hii kwanza, ndipo akalipa."

"Na ile yangu ya Daktari?"

"Nilishaifungua nikauza vipuri."

Niliwaza kuhusu huyo mwalimu wa Kisegi nisiyemjua, mtu anayejaribu kabla ya kulipa, akalipa bei iliyotajwa, na anakwenda kulala usingizi.

"Naweza kuipunguza mbio," fundi akasema. "Kuna mahali ndani, unapashika kabla haijaamka sawasawa. Unazima ile kumbukumbu inayoisaidia kukimbia. Itakuwa pole kuliko hii. Mia tano."

"Mia tano uharibu kitu kizima?"

"Mbio nilikupa bure. Kuzitoa ndiyo kazi."

"Mia mbili."

Akageuka akatazama mlangoni, kwenye barabara ambako kivuli cha nyumba ya pili kilikuwa kimevuka mtaro. Yeye ni Msabato. Jua likizama Ijumaa anafunga, na hafungui mpaka Jumapili. Nimebishana bei na watu wa kila aina, lakini sijawahi kubishana na mtu ambaye jua liko upande wake.

"Mia tatu."

"Linashuka, mama."

Nikatoa mia tano. Akaniwashia, akashika kitufe, ikatokea skrini ya buluu yenye orodha, akashuka mistari akazima kimoja, akahifadhi. Akanionyesha mara moja tu, haraka, huku mkono mwingine ukishusha dirisha. Programu ikafunguka. Niliondoka naye akifunga kufuli nyuma yangu.

Kwa Mwalimu, dawa ilikuwa ugonjwa. Alikuwa ameanza kuchapa mitihani yake kwenye mashine ile, na sasa alikuwa akibonyeza herufi, anasubiri, ndipo inatokea. "Hii inafikiria kila herufi," akasema. "Wanafunzi wangu hawafikirii hivi." Akaingia kwenye skrini ya buluu akarudisha mbio. Nami nilipotaka kipimo nikakuta mstari wangu wa sifuri unaningoja. Nikaingia nikapunguza. Tuliishi hivyo, yeye akikimbiza, mimi nikifunga breki, na kila mmoja akiona mwenzake ndiye aliyeharibu kompyuta.

Lakini kipimo nilikuwa nacho. Giza lilikuwa limerudi, omena imeshuka, na programu ikaniambia niongeze omena na chokaa. Safari hii nilipima kwa kilo, kwa mizani, mara mbili. Nikawapa. Wakala vizuri, wakala kama watu walioalikwa.

Nikangoja. Trei tatu. Nikangoja. Mbili na nusu.

Shuleni Jumatatu ya kwanza ilikwenda, na ya pili ikaenda na trei kumi na saba ndani ya maboksi ya arobaini. Bwana stoo hakuzungusha kalamu. Aliandika tu. Nilipofungua banda siku iliyofuata, sakafu ilikuwa imefunikwa manyoya, kana kwamba mtu alikuwa amepasua mito mle ndani. Kuku walizunguka humo wakiwa na shingo wazi, wakila chakula changu kilichopimwa kwa gramu.

Jumapili, kabla ya Jumatatu ya tatu, nilimchukua mmoja nikaenda naye hadi kwa Daktari. Nilimkuta anapalilia mihogo. Alinawa, akamshika yule kuku, akamfungua bawa kama mtu anayefunua kitabu anachokijua, akayahesabu manyoya makubwa kwa kidole.

"Walikosa nini?" akauliza.

"Omena. Niliweka mashudu."

"Kwa kipimo cha programu?"

"Kwa gorogoro."

Akatikisa kichwa, si kwa kunilaumu, zaidi kama mtu anayesikia jina la mgonjwa. "Gorogoro ya mashudu na ya omena hazilingani kwa kitu chochote isipokuwa bati lenyewe. Hawa wamefunga, Nyar Karungu. Kuku akipunguziwa ghafla, mwili unamwambia aache kutaga, abadilishe nguo kwanza. Programu yako sasa iko sawa. Lakini yeye ameshaanza kuvua manyoya, hawezi kuishia katikati."

"Mpaka lini?"

"Miezi miwili. Wakirudi, wengi watataga vizuri kuliko mwanzo. Wengine hawatarudi. Kuwajua ni vigumu, wote wanafanana wakiwa hivi."

Miezi miwili, karibu nusu gunia la chakula kila siku, mayai ya kuonja tu. Kesho bwana stoo atamfungulia lango yule wa Kisii, na huenda nafasi yangu isiwepo tena hata kuku wakirudi kutaga. Upande wa pili, mwenye hoteli mmoja wa stendi alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba atachukua wote mia tatu kwa nyama, wiki hii, kabla hawajakonda, kwa bei ambayo siku nyingine ningemcheka usoni. Nilizungusha hesabu hiyo hapo hapo na sikupata upande unaokaa sawa.

Daktari alinirudishia kuku wangu. Nikamshika chini ya kwapa, nikasimama pale kwenye mihogo, nikamwuliza:

"Daktari, wangekuwa wako, ungewauza sasa, au ungewangoja?"